Taa Ni ya Anayeishi Chini Yake

Hakuna nyumba isiyo na ugomvi wa taa. Mmoja anataka izimwe alale, mwingine bado ana kurasa mbili za kitabu. Mmoja anatoka bafuni na kuiacha inawaka, mwingine anapita nyuma yake akizima na kuguna habari za LUKU. Ni ugomvi mdogo, kawaida unaisha kwa mtu kugeukia ukutani. Wa kwetu ulichukua miezi minne, na taa yenyewe haikuwa hata ya binadamu. Ilikuwa ya matumbawe.

Ndiyo, umesoma vizuri. Matumbawe, yale ya baharini. Hapa Dodoma.

Mume wangu ni mtoto wa Pangani. Kazi ndiyo iliyomleta huku, kama ilivyowaleta watumishi wengi baada ya Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali sasa inahamia kwenye makao makuu yaliyoamuliwa tangu 1973. Mimi ni mzaliwa wa hapahapa, vumbi la Dodoma nimelimeza tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Yeye alilikuta ukubwani. Hakulalamika. Alitafuta kiwanja, akajenga, akapanda miti, akajifunza kula mlenda bila kukunja uso. Shemeji zake wakamsifu: huyu si mkwe tena, huyu ni mtoto.

Basi jioni moja akanionyesha kwenye simu picha ya tangi la samaki la maji ya chumvi. Matumbawe ya kijani na zambarau yanang'aa utadhani yamewashwa kwa ndani, samaki wa rangi ya machungwa wanapita katikati. "Nataka kitu kama hiki sebuleni," akasema. Tangu tuoane, mwanaume huyu hajawahi kuniambia anataka kitu kwa ajili yake mwenyewe. Ada za watoto, bati, simtanki, gari la kumpeleka mama hospitali, hayo yote ameomba. Kitu chake, hapana.

Pesa ilikuwepo. Tatizo ni kwamba tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya uzio.

Kila aliyemuuliza alimpa jibu moja: baba, kioo na pampu si kitu, anza na taa. Taa ndiyo inayokula pesa siku ya kuinunua, halafu inaendelea kula kila mwezi. Kwa hiyo na sisi tukaanza na taa. Nikachukua daftari, kwa sababu mimi nikisikia mtu anataka kununua kitu cha gharama, lazima niandike.

MNYAMA ANAYEKULA MWANGA

Tumbawe linaonekana kama jiwe, lakini ni mnyama. Tena ni kundi la wanyama wadogo wadogo waliobanana pamoja kama wapangaji wa nyumba moja. Ndani ya miili yao umo mwani mdogo sana, usioonekana kwa macho. Mwani unapewa pa kukaa. Kodi yake inalipwa kwa chakula: unachukua mwanga, unapika, unamgawia mwenye nyumba. Matumbawe yanayojenga miamba hupata sehemu kubwa ya nguvu zake kwa njia hiyo.

Sasa unaona taa ilivyo. Kwenye tangi la kawaida la samaki, taa ni ya kukusaidia wewe kutazama. Kwenye tangi la matumbawe, taa ni jiko. Ukikosea taa, hukuharibu pambo, umewanyima watu chakula.

Halafu si kila mwanga unafaa. Maji humeza rangi. Nyekundu ndiyo inayotangulia kupotea. Ukizama mita 10 hivi, imekwisha karibu yote. Bluu ndiyo inayoshuka mbali. Mwani wa matumbawe umezoea kuishi na hiyo bluu, ndiyo maana taa za matangi haya zina ubluu ambao kwa macho yetu ni kama wa ukumbi wa disko. Kwenye maboksi utaona umeandikwa kwa Kelvini. Jua la mchana ni kati ya 5,500 na 6,500. Taa za matumbawe huanzia 10,000 na kufika 20,000. Namba ikipanda, ubluu unaongezeka.

Lakini Kelvini ni rangi tu, haikuambii chakula ni kiasi gani. Kipimo cha chakula kinaitwa PAR, yaani kiasi cha mwanga ambao mwani unaweza kuutumia. Jua la utosi kwenye ukanda wetu hufika karibu 2,000. Matumbawe laini, yale yanayopepea kama vidole, yanaridhika na 50 hadi 150. Yale magumu yenye matawi membamba, ambayo ndiyo mume wangu aliyapenda kwenye picha, yanataka 200 hadi 350. Taa ya kawaida ya sebuleni haifiki huko hata kwa dawa. Inaweza kukutosha wewe kusoma gazeti kutoka kochi la mbali, na tumbawe likafa njaa chini yake.

TAA TATU, BILI TATU

Tulipiga hesabu kwa tangi la lita 300 hivi, urefu wa mita moja na robo. Kuna aina tatu za taa ambazo watu wa matumbawe wamezitumia.

Ya kwanza ni metali halaidi, jamii ya zile taa kali za viwanja vya mpira. Miaka ya 2000 mwanzoni hii ndiyo iliyokuwa mfalme. Mwanga wake unachezacheza juu ya mchanga kama mawimbi ya kweli, na wakongwe wengi mpaka leo wanasema hakuna kama yeye. Tangi letu lingetaka mbili za wati 250. Ukiziwasha saa tisa kwa siku ni uniti nne na nusu. Kwa mwezi, 135. Hapo hujawasha friji. Joto lake nalo, kaa mbali! Na balbu hubadilishwa karibu kila mwaka, kwa sababu rangi yake inazeeka kabla haijaungua.

Ya pili ni mirija myembamba ya T5. Mwanga wake unatawanyika vizuri, hauachi kivuli kikali, na matumbawe huupenda. Mirija sita ya wati 54 ni wati 324, karibu uniti 87 kwa mwezi. Nayo inabadilishwa kila miezi tisa hadi kumi na miwili. Ila siku zake zinahesabika. Mirija hii ina zebaki, na mwaka 2023 nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuachana na taa za aina hiyo kufikia mwaka 2027. Kununua leo ni kujiandaa kutafuta mirija isiyopatikana kesho.

Ya tatu ni LED. Tuwashukuru wataalamu watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ambao mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kutengeneza LED ya bluu. Dunia iliwashangilia kwa sababu bila bluu hakuna LED nyeupe. Wafugaji wa matumbawe walishangilia bluu yenyewe. Kwa tangi letu, wati 160 zingetosha: uniti 43 kwa mwezi. Hazimwagi joto jingi majini, unaweza kupunguza na kuongeza ukali, na zinaweza kudumu miaka mingi.

Ubaya wake? Bei ya kununua, kwanza. Pili, ni kali kwa namna ya kudanganya. Bluu haionekani kali kwa macho yetu, kwa hiyo mtu anaipandisha mpaka mwisho ili "ionekane inawaka", na baada ya wiki matumbawe yameungua na kupauka. Ushauri unaorudiwa na wenye uzoefu ni kuanza na theluthi moja au nusu ya nguvu yake, kisha kuongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Hapo daftari langu likawa na mshindi. Kama ni tangi la matumbawe, ni LED, basi. Mume wangu akatabasamu. Alidhani tumemaliza.

JUA NI LILELILE

"Lakini ngoja," akasema. "Dodoma hii, na jua hili lote, kwa nini ninunue taa?"

Ni swali zuri kuliko linavyosikika. Chukua ramani, weka kidole Dodoma, kisha kipeleke mashariki bila kupanda wala kushuka. Kitatua karibu na mji wa Zanzibar. Tuko kwenye mstari mmoja, digrii sita na kidogo kusini ya ikweta. Kusini kidogo ya mji kuna kisiwa cha Chumbe, ambako miamba ya matumbawe imehifadhiwa rasmi tangu 1994. Jua linalochoma bati letu saa sita mchana ndilo linaloyalisha matumbawe ya Chumbe.

Nilipomwonyesha ramani hiyo alikaa nayo muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Kuweka tangi dirishani, hata hivyo, haiwezekani. Dirisha linaleta mwanga wa upande kwa saa chache, wakati tumbawe linataka mwanga wa juu na wa kila siku. Linaleta uchafu wa kijani kwenye kioo. Na linaleta joto, ambalo ndilo adui mkubwa. Matumbawe yanastarehe kwenye nyuzi 24 hadi 27. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi chao kwa nyuzi moja tu, kwa wiki kadhaa, yanamfukuza yule mwani mpangaji na kubaki meupe kama mfupa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipopata joto, na matumbawe mengi ya Mafia na Zanzibar yakafa. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo kwenye upaukaji mkubwa wa nne.

Kama bahari nzima inashindwa na nyuzi moja, sebule ya Dodoma je? Novemba mchana ni zaidi ya nyuzi 30. Julai usiku inashuka mpaka 13 au 14, tunalala na mablanketi mawili. Tangi hilo lingetaka kipasha joto Julai na kipoza joto Novemba. Feni ya kupuliza juu ya maji inasaidia sana huku kwetu kwa sababu hewa ni kavu, lakini hewa hiyo hiyo kavu inayanywa maji. Yanayoondoka ni maji, chumvi inabaki. Kila siku lazima uongeze maji baridi yaliyochujwa, vinginevyo chumvi inapanda.

Jua la Dodoma linafaa kwa njia nyingine: juu ya paa. Paneli za wati 400 hadi 500 na betri nzuri zinaweza kuiendesha LED ya wati 160 siku nzima. Na umeme ukikatika, usihangaike na taa. Matumbawe yanavumilia siku ya giza, hata baharini kuna siku za mawingu mazito. Yasichovumilia ni maji kusimama. Betri ya dharura ni ya pampu kwanza.

Daftari likajaa. Kila jibu lilikuwa zuri, na kila jibu lilikuwa na bei. Uzio nao ukazidi kwenda mbali.

NANI ATAKUWA NYUMBANI?

Halafu tukafika kwenye saa. Taa ya matumbawe inawaka saa nane hadi kumi kwa siku, kila siku, bila sikukuu. Unaifunga kwenye kipima muda, inawaka na kuzima yenyewe. Swali ni lini.

Watu wengi huiwasha saa nne asubuhi na kuizima saa moja jioni. Nani yupo nyumbani kwetu saa hizo? Hakuna. Watoto wako shule, mimi niko ofisini, na mume wangu, kama mtumishi yeyote wa wizara, ratiba yake ni ya Bunge. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, Bunge la Bajeti likiwa linaendelea, anarudi usiku. Miezi mingine yuko safarini. Angekuta tangi limezimwa. Tungekuwa tunalipa uniti 43 ili samaki wajitazame.

Akapata jawabu: tusogeze saa. Matumbawe hayana saa ya ukutani, yanachotaka ni mpangilio usiobadilika. Iwake saa nane mchana, izime saa tano usiku. Ni kweli, na wapo wengi wanaofanya hivyo. Lakini sebule yetu na chumba cha watoto vinatenganishwa na pazia la mlangoni. Bluu ya wati 160 mpaka saa tano usiku, watoto wana shule kesho yake!

Nikamwambia hilo. Akanyamaza. Mnajua ule ukimya wa wanaume wa pwani, mpole, wa heshima, wa mtu anayejiandaa kusema "basi tuache" na kuendelea na maisha kana kwamba hakutaka kitu. Ndicho nilichokuwa nakiogopa. Si uniti. Niliogopa kwamba mara hii moja aliyotaka kitu, angekifunika na kukiweka, na miaka kumi baadaye tukiulizana lini tuliacha kuongea, jibu lingekuwa hapa.

Kwa hiyo nikafunga daftari. Nikamuuliza, "Baba watoto, hebu niambie. Unachokikosa ni nini hasa?"

Hakujibu haraka. Kisha akasema kule kwao jua likishazama, kuna muda mfupi kabla ya giza ambao kila kitu kinakuwa cha bluu. Maji, mchanga, mitumbwi, hata uso wa mama yake akiwa anapepeta mchele uani. "Huku jua likizama limezama," akasema. "Na mimi sijaiona bahari tangu tumemzika mama."

Ilikuwa inakwenda mwaka wa pili. Mimi nilikuwepo kwenye mazishi yale. Nilijua anaomboleza. Sikuwa nimeambiwa kwamba maombolezo yenyewe yana rangi.

Wasomaji wangu, hakuna taa duniani ya kazi hiyo.

TULICHOAMUA

Tuliamua mambo mawili, na yote tuliyaamua pamoja, naye akiwa ndiye anayeandika kwenye daftari.

La kwanza, bahari ataifuata ilipo. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma. Ukipanda ile ya haraka uko Dar es Salaam baada ya saa tatu na nusu hivi, na kutoka Kunduchi boti ya kwenda Mbudya ni mwendo mfupi tu. Mbudya ni sehemu ya maeneo ya hifadhi ya bahari, unalipa kiingilio, unavaa miwani ya kuzamia, matumbawe yale pale, yamewashiwa taa na Mwenyezi Mungu bila LUKU. Mara mbili kwa mwaka tunakwenda wote, na mara moja anakwenda peke yake mpaka Pangani, kuzuru kaburi na kukaa ufukweni jioni. Safari hiyo ya peke yake mimi ndiye niliyeipendekeza.

Jambo hili lilitutoa pia kwenye kigugumizi kingine. Matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, yaani biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji vibali. Na kung'oa ya hapa nyumbani, wakati bahari yenyewe inayapoteza kwa joto, mtoto wa mvuvi asingeweza. Alisema mwenyewe: "Nikimkuta mtu anang'oa nitamtukana, sasa mimi niyaweke sebuleni?"

La pili, tangi lipo. Ni dogo, lita 100, na bahari yake ni ya maji baridi: Ziwa Tanganyika. Samaki wake wanaofugwa kwenye matangi wamesambaa Ulaya na Marekani kwa miongo mingi, wakati sisi wenye ziwa hatuwajui hata kwa sura. Ziwa hilo lina aina 200 na zaidi za jamii ya sikilidi, na karibu zote hazipatikani kokote kwingine duniani. Maji yake ni magumu, yenye madini mengi. Umewahi kutazama ndani ya birika la Dodoma? Lile ganda jeupe la chokaa tunalolikwangua kila mwezi ndilo samaki hawa wanalolipenda. Tukiondoa klorini tu, maji yetu yanawafaa. Kwa mara ya kwanza birika letu limepata sifa.

Sisi tumechagua wale wanaoishi kwenye makombe ya konokono. Dume lao halizidi sana sentimita nne. Kila mmoja ana kombe lake, anachimba mchanga kwa mdomo, anaupanga mlangoni, na jirani akisogea anatolewa mbio. Watoto wanazaliwa ndani ya kombe na wanakua palepale, familia moja juu ya nyingine. Tuliwapata wakiwa wamezaliwa tangini kwa mfugaji, hakuna aliyetolewa ziwani kwa ajili yetu.

Na taa? Hawa hawana mwani wa kulisha. Mwanga mkali unawaficha ndani ya makombe. LED ya wati 20 iliyopunguzwa inawatosha, saa nane kwa siku, chini ya uniti tano kwa mwezi. Ina swichi ya rangi. Imewekwa iwake saa saba mchana, na saa mbili usiku inabadilika kuwa bluu hafifu kwa saa moja kabla ya kuzima. Haivuki pazia la watoto. Uzio umeanza, matofali yako uwanjani.

KAMA BADO UNATAKA MATUMBAWE

Wapo watakaosoma haya na bado wataitaka picha ile ya zambarau. Sawa kabisa. Nimeshafanya hesabu, chukua:

Chagua mkazi kabla ya taa. Andika kwanza ni matumbawe gani, kisha tafuta PAR yanayotaka. Muuzaji anayekuuzia taa bila kukuuliza nini kitaishi chini yake, mshukuru na uondoke.

Anza na matumbawe laini yaliyokuzwa tangini, yenye vibali. Yanaridhika na mwanga mdogo na yanasamehe.

Azima kipimo cha PAR kama unakipata, upime pembe zote za tangi. Katikati huwa kukali, pembeni huwa na njaa.

Piga hesabu kwa uniti, si kwa wati. Wati zidisha kwa saa, gawanya kwa 1,000, zidisha kwa siku 30. Kisha ongeza pampu, kipasha joto na feni.

Kipima muda ni lazima. Usitegemee "nitawasha nikiamka". Jumapili hutaamka.

Panga saa za taa pamoja na watu wote wa nyumba hiyo, hata anayelala mapema kuliko wewe.

Na kama mwenzako ameanza kukuonyesha kwenye simu picha za kitu cha gharama, bei iulize, lakini iulize ya pili. Kwanza muulize anakosa nini. Halafu ngoja, usimjibie. Wengine jibu lao liko mbali, linahitaji muda kufika.